Mtu, Mshale na Mashine

Katika mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang niliajiriwa kufundisha usalama kwa madereva wa trekta na wa kombaini za kuvunia, na kwa vibarua wa maghala. Kazi ya pili nilipewa bila kuulizwa. Nilifanywa katibu wa kamati ya kupitia rasimu ya kiwango cha kimataifa. Kabla ya hapo sikujua kwamba viwango vya dunia hupitiwa na watu kama sisi, wenye tope la mbuga kwenye viatu. Nilidhani huandikwa huko mbali na kuteremshwa kwetu vikiwa tayari.

Mashine zetu zilitoka ng'ambo zikiwa na maonyo yaliyobandikwa ubavuni, maandishi madogo ya Kiingereza. Madereva walioweza kuyasoma walikuwa wachache, na kati ya vibarua sikumjua hata mmoja. Msimu uliotangulia, kibarua mmoja aliyekuwa ameoa karibuni aliingiza mkono kwenye bomba la kupandishia ngano ghalani ili atoe gunia lililonasa. Ndani ya bomba lile kuna chuma kinachozunguka kama parafujo. Onyo lilikuwa mbele ya macho yake, limebandikwa vizuri kabisa. Tulimkimbiza hospitali kwa landrova, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama gunia limetoka. Alipona, lakini mkono ule aliupoteza.

Kwa hiyo rasimu ilipofika nikaisoma kwa pupa. Ilipendekeza maonyo yote ya mashine za kilimo yawe picha tupu, bila neno hata moja, ili mtu wa lugha yoyote aelewe. Ofisi ya viwango ya Dar es Salaam ilituletea sisi kwa sababu hapakuwa na sehemu nyingine nchini yenye mashine nyingi namna ile. Kila nchi ilitakiwa kujibu kama inakubali, inakataa, au inakubali ikiwa na maoni. Palikuwa na tarehe ya mwisho, na nchi ambayo jibu lake lingechelewa ingehesabiwa kuwa haikusema kitu. Tarehe hiyo ilikuwa inaangukia mwanzoni mwa mavuno, wakati ambao kwetu hata mgonjwa alikuwa anaona haya kulala.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mhandisi mkuu wa mitambo, mzee mrefu asiyecheka ovyo, ambaye madereva walimwogopa kuliko meneja. Kutoka Dar es Salaam alikuja afisa wa viwango, kijana mwenye adabu nyingi, aliyekuwa hajapata kuona baridi kama ya Juni ya kwetu na alishinda amevaa koti hata mchana. Mwalimu wa elimu ya watu wazima tulimwalika sisi. Alizaliwa katika familia ya wafugaji wa tambarare za Hanang, akasoma misheni, akabatizwa, na alikuwa anazungumza Kidatoga, lugha ya kwao, na Kiswahili kilichonyooka. Wajumbe wengine walikuwa fundi wa karakana, mwakilishi wa madereva na mganga wa zahanati yetu.

Kikao cha kwanza tulikifanya katika bwalo la chakula, meza mbili zimeunganishwa. Mwenyekiti alitaka tumalize siku hiyohiyo. Alisema picha ni nzuri, anaziona, tukubali, tuwaachie watu wavune ngano. Nikasimama nikasoma ukurasa wa mwisho wa rasimu, uliosema kwamba kabla ya kujibu, kila nchi iwaonyeshe picha hizo watu watakaokutana na mashine. Waulizwe mmoja mmoja wanaona nini na wangefanya nini, wakiwa wamesimama umbali uliotajwa, na asiwepo wa kuwadokezea jibu.

Mwenyekiti akasema sawa, madereva na vibarua wapo, waonyeshwe kesho.

Ndipo mwalimu alipoomba nafasi. Alisema kuna watu wengine wanaokutana na mashine. Wakati wa kuvuna, wanawake wa wafugaji huingia mashambani wakafuata nyuma ya kombaini, wakiokota masuke yaliyoachwa. Picha moja katika rasimu, ile ya kumwambia mtu akae mbali, ilikusudiwa hasa kwa sehemu ya nyuma ya kombaini. Kama wao hawataulizwa, alisema, picha hiyo itakuwa imeonyeshwa watu wasiofika pale.

Kila mtu mezani alikuwa amewaona wanawake hao. Lakini amri ya shamba ilikataza mtu wa nje kuingia, na ugomvi wa njia za ng'ombe na malisho yaliyolimwa ulikuwa umeshawapeleka watu mahabusu. Kwa mujibu wa taarifa za shamba, nyuma ya kombaini hapakuwa na mtu.

"Ndugu mwalimu," mwenyekiti akasema, "unataka nikaulize watu ambao nimeandika kwamba hawapo?"

"Nataka waulizwe, ndugu mwenyekiti. Wewe si lazima uwe pale."

Walibishana kwa sauti ya chini, jambo lililonitisha zaidi kuliko kama wangepaza. Mwisho mwenyekiti alinigeukia mimi. Akasema niende kwa jina la kamati, si kwa jina la shamba, na likitokea lolote nisimtaje. Nikaandika kwamba imekubaliwa.

Madereva na vibarua hawakutupa taabu. Picha ya mkono ulionaswa kati ya magurudumu yenye meno waliielewa wote, na baadhi yao waligeuza uso wakimkumbuka mwenzao. Picha za mkanda wa injini na za moto zilipita. Picha ya kukaa mbali ilikuwa na mashine upande mmoja, mtu upande wa pili, na katikati mshale wenye ncha mbili. Vibarua wengi walisema ni kupima shamba. Madereva walipatia, kwa kuwa nilishawafundisha. Rasimu ilikuwa na picha ya pili ya akiba kwa ajili ya jambo hilohilo, ya mashine inayorusha mawe kumwelekea mtu, lakini waandishi wake walisema wanapendelea ile ya mshale kwa sababu ni safi zaidi.

Siku ya kwenda kwa wafugaji tuliondoka mjini Katesh asubuhi, mimi, mwalimu, afisa wa viwango na dereva. Mlima Hanang ulikuwa umefunikwa na wingu, na upepo ulikuwa unaifikicha ngano, ikiinama yote pamoja na kuinuka. Tulipita mashamba hadi nikachoka kuyatazama, kisha tukatoka kwenye nyasi fupi na miti ya miiba, upande wa Basotu, mahali ng'ombe walipokuwa wananyweshwa. Mwalimu alikuwa ameshapeleka habari siku za nyuma, kwa hiyo wanawake walikuwa wametungoja, wamevaa ngozi zao na bangili za shaba, watoto mgongoni. Wanaume walikuwa mbali kidogo na ng'ombe, wamejitanda mashuka meusi.

Mimi ni mtu wa Tlawi, kule Mbulu. Kwetu ni milimani, watu wanalima mahindi na maharage kwenye miteremko na kufuga ng'ombe wachache zizini. Nilikua nikisikia kwamba watu wa tambarare ni wakali, na bila shaka wao walikua wakisikia kwamba sisi wa milimani tunashuka na majembe kila mwaka, tukimega nyasi zao. Nilimwamkia shikamoo kila mama aliyenizidi umri, na mwalimu akatafsiri, ingawa salamu ile waliijua.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mzee, mwembamba, aliyekaa juu ya jiwe. Wengine walimtazama kabla ya kujibu lolote. Nilikuwa nimezichora picha upya kwenye karatasi za manila, kubwa, ili zionekane. Tukaanza. Mkono na meno ya chuma, mama mzee akasema kinachokula mkono. Moto, akasema moto. Mwalimu alikuwa anatafsiri na mimi naandika, nikaanza kupumua.

Kwa picha ya kukaa mbali, rasimu ilitaja umbali mkubwa zaidi. Afisa wa viwango, ambaye alikuwa mtu wa kufuata kila mstari, akatoa mfukoni utepe wa kupimia, akamshikisha dereva ncha moja, akarudi nyuma akiufungua juu ya nyasi. Akachomeka kijiti mahali ulipoishia. Mimi nikainua picha. Mtu, mshale, mashine.

Mama mzee aliitazama picha, halafu akautazama utepe. Akasema maneno machache, si kwetu bali kwa wenzake. Wanawake wakasimama. Mmoja akamwita mtu kwa sauti, na wale wanaume wakaja, si mbio, wakitembea tu, wakiwa na fimbo na baadhi yao mikuki.

Nikamwuliza mwalimu amesema nini.

"Amesema hii ni picha yao," mwalimu akaniambia bila kunitazama. "Mashine huku, mtu kule. Anasema mmeleta picha ya kuhamishwa, na huyu kijana ameshaanza kupima."

Afisa alikuwa bado ameushika utepe. Mwanamume mmoja akaukanyaga katikati, akang'oa kijiti, akakivunja, akakitupa chini. Wengine wawili wakaenda kusimama mbele ya landrova, wakaegemea boneti kama watu wanaopumzika. Dereva akaachia ncha yake. Nilitazama huku na huku nikaona tumezungukwa, na kwamba nyuma yetu hapakuwa na njia isiyo na ng'ombe.

Afisa akaanza kueleza kwa Kiswahili cha ofisini kwamba hili ni zoezi la viwango, halina uhusiano wowote na ardhi. Mwalimu hakuyatafsiri maneno hayo. Alinisogelea akaninong'oneza niketi chini. Nilikuwa nimevaa sketi ya kazini, nikaketi vilevile kwenye nyasi, picha mapajani. Mwalimu akaketi. Afisa akasita, halafu na yeye akaketi na koti lake. Utepe ukabaki chini ya mguu wa yule mwanamume.

Mama mzee akazungumza nami moja kwa moja, na mwalimu akawa sauti yake.

"Wewe unatoka wapi?"

"Tlawi, mama."

"Tlawi wamelima kwa matrekta?"

Nikasema hapana, kwetu ni miteremko, trekta haiwezi kusimama.

"Basi wazazi wako wako kwao."

"Ndiyo, mama. Wako kwao."

Sijui kama nimewahi kusikia swali lililonibana kuliko lile, na halikuwa hata swali. Nilijua nikianza kueleza habari za kamati na za nchi wanachama nitakuwa nasema maneno ambayo hayana mahali pa kukaa kwenye nyasi zile. Nikamweleza habari za kibarua wetu. Nilimweleza bomba, gunia, namna alivyopiga kelele mara moja tu, na namna alivyolaza kichwa kwangu. Nikasema karatasi ya onyo ilikuwa mbele yake na hakuweza kuisoma, na kwamba nimekuja kuuliza kama picha ingeweza kumwambia. Nikasema kama picha hii inasema jambo jingine kabisa, hilo ndilo nililokuja kulisikia, na nitaliandika vilevile alivyolisema. Habari ya ardhi, nikasema, sina uwezo nayo, na sitamdanganya kwamba ninao.

Mwalimu alitafsiri polepole, na nikaona anaongeza maneno yake. Sikuwahi kumwuliza aliongeza nini.

Mama mzee akaita. Akatoka mwanamke kijana aliyekuwa nyuma ya wengine, kitambaa kimefungwa upande mmoja wa uso. Mama akakifunua. Jicho lilikuwa jeupe lote, na kope yake imeshonwa na kovu. Ni mke wa mwanawe, akasema. Mavuno yaliyopita alikuwa anaokota masuke, mashine ikarusha jiwe kutoka nyuma. Walimficha nyumbani. Kwenda zahanati ya shamba kungekuwa kukiri kwamba aliingia shambani, na mumewe angeshikwa.

Yule mwanamke kijana alinitazama kwa jicho lake moja, bila hasira, kama mtu anayesubiri zamu. Nikakumbuka picha ya akiba, ambayo nilikuwa nimeichora lakini nimeiacha chini ya nyingine. Nikaitoa, nikaiweka kwenye nyasi mbele yake, nisiseme kitu.

Aliitazama muda mfupi. Kisha akagusa jiwe lililochorwa, akagusa jicho lake.

Wanawake wengine wakainama kutazama. Mmoja akasema jambo, mwingine akambishia, wakaanza kusemezana wenyewe, na yule mwanamume akaondoa mguu wake kwenye utepe. Mwalimu akaniambia wanabishana kama mawe hutoka chini au juu ya mashine. Nikaomba tuendelee, bila utepe. Tukaendelea, mmoja mmoja. Hatukupima tena umbali, na afisa hakusema lolote kuhusu hilo. Wale waliokuwa wameegemea landrova walisogea wenyewe baadaye, ng'ombe walipoanza kutawanyika.

Habari ilifika shambani kabla yetu. Kikao cha mwisho kilipoanza, mwenyekiti hakutusalimia. Alisema kwa ufupi kwamba kamati ilitumwa kutazama picha, nayo imekwenda kuchokoza wenye mikuki wiki ya kuanza kuvuna. Akataka majibu ya madereva na vibarua yatumwe, ya wafugaji yaachwe, na nchi ikubali rasimu bila maoni. Afisa alikuwa anaondoka kesho yake asubuhi kwa basi la Arusha. Asingeondoka na jibu, jibu lisingefika.

Mwalimu akasema hakubali.

"Wewe ni mwalikwa," mwenyekiti akamwambia.

Macho yote yakanijia mimi, kwa kuwa taratibu zilikuwa mikononi mwangu. Nilisema kwamba katika kikao cha kwanza mwalimu aliingizwa kuwa mjumbe wa kamati hii na hakuna aliyepinga, kwa hiyo akiwa na pingamizi lazima lisikilizwe hadi mwisho. Nilisema huku natazama karatasi. Fundi wa karakana akakohoa. Mganga akaangalia dirishani.

Mwenyekiti akainuka, akanitaka tutoke nje. Tulisimama kando ya bwalo, upepo ukituchapa vumbi la uani. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, hata kuambiwa nifungashe virago vyangu nirudi Mbulu. Hakunifokea.

"Unafikiri mimi sijui kwamba wapo?" akaniuliza. "Mimi ndiye ninayewaambia madereva wasiwageuzie mashine. Nikipeleka Dar karatasi inayosema kuna wanawake nyuma ya kombaini zangu, watauliza wamefikaje. Halafu wataleta askari. Hata hayo masuke watayakosa. Ndicho unachotaka?"

Nikasema sicho.

"Basi niandikie kitu ninachoweza kutia saini."

Nilibaki pale peke yangu alipoingia ndani. Nilikuwa nimemchukia tangu asubuhi, na sasa sikujua nimchukie nani. Nilichokuwa nacho ni ahadi kwa mama mmoja kwamba nitaandika alichosema, na tahadhari ya mtu aliyejua kuliko mimi nini kingetokea nikikiandika.

Nikarudi mezani nikaomba rasimu. Humo ndani kulikuwa na neno waliloliweka kwa ajili ya mtu yeyote aliye karibu na mashine ambaye si mwendeshaji. Nikapendekeza tuandike kwa neno hilo. Kwamba watu wa namna hiyo walioulizwa hawakuielewa picha ya mshale, na kwamba wengine waliielewa kuwa ni kupimwa kwa ardhi au kuondolewa mahali. Picha ya mawe yanayorushwa waliielewa, kwa hiyo nchi yetu inakubali rasimu kwa sharti kwamba hiyo ndiyo iwekwe nyuma ya mashine za kuvunia.

Mwenyekiti akasoma. Akasema hilo anaweza.

Mwalimu akaisoma mara mbili. "Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Yule mwenye jicho. Mmeweka mtu asiye mwendeshaji. Huyo anaweza kuwa mkaguzi, anaweza kuwa mgeni wa meneja. Sisi wenyewe tulimwona, na sasa tunamfuta kwa kalamu."

Nilimwambia sababu ya mwenyekiti, yote, mbele ya mwenyekiti mwenyewe. Mwalimu alisikiliza. Akasema anaelewa, na kwamba kuelewa si kukubali. Tulikaa hivyo, chai ikipoa, kazi nje ikiendelea, mlio wa kombaini zikijaribiwa uwanjani ukituingia mpaka vinywani. Afisa alikuwa amefunga mkoba wake na kuufungua tena. Mwakilishi wa madereva alisema tupige kura, nami nikasema kura ingempoteza mwalimu tu, isingetupatia makubaliano, na ofisi ilitaka makubaliano.

Aliyetoa njia alikuwa mganga, ambaye siku zote mbili alikuwa hajasema kitu. Alisema kuna jeraha, na jeraha halina kabila wala kibali cha kuingia. Yeye mwenyewe ataandika, kama mganga, kwamba limetokea jeraha la jicho, la kudumu, kwa mtu aliyekuwa nyuma ya mashine ya kuvunia, kwa jiwe lililorushwa. Wote tulijua kwamba mganga hajamtibu mtu huyo, na kwamba anajitwika swali ambalo anaweza kuulizwa.

"Utathibitisha?" mwenyekiti akamwuliza.

"Akiletwa kwangu, nitathibitisha."

Mwenyekiti akasema aletwe, na amlete mwalimu mwenyewe, kwa mlango wa nyuma wa zahanati, na asiulizwe alikuwa wapi. Mwalimu akainamisha kichwa. Hakusema ndiyo, alisema tu kwamba hana pingamizi tena, nami nikaandika hivyo hivyo kwa maneno yake. Afisa akaondoka na jibu letu.

Jicho halikuokoka, lilikuwa limeshakwenda. Mganga alimpa dawa ya kovu na akaandika alichoona. Mavuno yale, kabla hata ya dunia kujibu, mwenyekiti alimwambia fundi achore picha ya mawe nyuma ya kila kombaini kwa rangi nyeusi na manjano. Hakutangaza. Wanawake walikuja kama kawaida, na kwa jinsi nilivyoona, walifuata kwa mbali zaidi. Sijui kama ni picha au ni habari za yule mwenzao. Msimu uliofuata askari waliletwa hata hivyo, kwa sababu nyingine za ugomvi wa malisho, na kwa kipindi hakuna aliyeokota kitu.

Majibu ya kamati ya kimataifa yalikuja baada ya muda ambao nilishaacha kuyasubiri. Katika maoni yetu, walikubali picha ya mawe iruhusiwe nyuma ya mashine za kuvunia sawa na ile ya mshale. Hawakukubali kuiondoa pale ile ya mshale. Waliandika kwamba tafsiri iliyotajwa inatokana na hali ya mahali na haiwezi kuzingatiwa katika kiwango cha jumla. Niliisoma sentensi hiyo mbele ya mwalimu, ambaye tangu kikao kile alikuwa anazungumza nami kwa mambo ya lazima tu. Akasema tuwapelekee habari, nusu yake ni nzuri.

Mwenyekiti ndiye aliyetupeleka, kwa gari lake, akiendesha mwenyewe. Alisimamisha mbali na maji, akabaki ndani. Mama mzee alikuwa amezidi kukonda, alitukaribisha tukae. Nilimweleza kwamba nchi nyingi zimekaa na picha zile, na ile ya mawe imekubaliwa, na ile nyingine imebaki, lakini kwetu haitabandikwa. Mwalimu akatafsiri. Mama akauliza hizo nchi zilizokaa ni ngapi, na zote zina mashine? Nikasema karibu zote. Akatikisa kichwa kwa kuzihurumia. Kisha akauliza njia ya ng'ombe kwenda ziwani, ile iliyozibwa na mashamba yetu, itafunguliwa lini.

Nikasema sijui, mama.

Alilipokea jibu hilo. Tukapewa maziwa, tukanywa, tukaaga.

Garini, mwenyekiti aliwasha injini lakini hakuondoka. Akauliza mama amesemaje. Nikamwambia la nchi zenye mashine, na nikamwambia la njia. Alikaa na mikono juu ya usukani, akimtazama yule mwanamke kijana ambaye alikuwa anawageuza ndama kuwarudisha upande wa maji. Mwalimu, kiti cha nyuma, akasema kwamba swali hilo halikuwa la kwangu.

"Najua ni la nani," mwenyekiti akasema, akaingiza gia.